Basenji si mbwa wa kufungiwa ghorofani

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mbwa wa kufuga mjini ilimsifia basenji kwa mambo mawili: kwamba habweki, na kwamba kwa sababu hiyo anawafaa wapangaji wa nyumba za ghorofa. La kwanza ni kweli nusu. La pili likifuatwa lilivyoandikwa litamtia msomaji hasara ya viatu, makochi na kuku wa jirani, na mbwa mwenyewe ataishia kutupwa. Naomba nafasi ya kusahihisha. Huyu ni mbwa wa Afrika ya Kati, na inasikitisha kwamba sisi tulio karibu na kwao tunamjua kupitia matangazo ya wauzaji tu.

Kwao ni bonde la Kongo: misitu ya Ituri wanakoishi Wambuti na Waefe, na nchi ya Wazande kuanzia mto Uele hadi ng'ambo ya mpaka, kwenye eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyefika kwa Wazande mwaka 1870, aliwaeleza mbwa wadogo wenye manyoya mafupi yaliyolala, rangi ya hudhurungi inayong'aa na mkia uliojikunja kama wa nguruwe mchanga. Shingoni walivishwa kengele ndogo za mti ili wasipotee kwenye nyasi ndefu.

Anayetaka kumwelewa basenji aanzie kwenye hiyo kengele. Ni kipande cha mti kilichochongwa kikaachwa wazi ndani, kikatiwa vijiti vya kugonga, kikafungwa kwa kamba shingoni. Msituni Ituri mtu haoni zaidi ya hatua chache mbele yake. Mbwa wengi wa kuwinda huwaita mabwana zao kwa kubweka wanapofuata mnyama, ila huyu anafuata kimya kimya, hivyo bila kengele mwindaji hajui mbwa yuko kushoto, kulia au ameshafika ng'ambo ya kijito. Kwa wapiga upinde, wanaume husimama wamejipanga kuzunguka kichaka, mbwa akaingizwa, na mlio wa kengele unapokaribia kila mtu anajua windo linakuja upande wake. Windo lenyewe mara nyingi ni paa wadogo wa msituni, jamii ya funo, ambao hutoka mbio na kupita karibu sana. Kwa wenye nyavu, kila nyumba huja na wavu wake uliosukwa kwa nyuzi za mti utambaao wa msituni. Nyavu huunganishwa kuwa nusu duara, na mnyama hutimuliwa mpaka ajitie mwenyewe.

Sasa fikirini kazi hiyo inataka mbwa wa namna gani. Anatangulia mbali na mtu, anatumia pua na macho kwa pamoja, anaamua mwenyewe apite wapi, na hageuki nyuma kuuliza. Mbwa wa kuchunga kondoo hufanya kazi akitazama mkono wa mchungaji. Basenji amechaguliwa vizazi kwa vizazi kwa kutokuhitaji mkono wa mtu. Wauzaji huita hali hiyo "kujitegemea", na wanunuzi baada ya mwezi huiita ukaidi, lakini ni kitu kile kile. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren wa Kanada alipopanga aina za mbwa kwa kutumia maoni ya waamuzi wa mashindano ya utii, basenji alikuwa wa pili kutoka mkiani, mbele ya mbwa wa Afghanistan peke yake. Mpangilio ule ulipima jinsi mbwa anavyoitika amri haraka, na watu wakausoma kama kipimo cha akili. Basenji huyo huyo mzito wa kuja akiitwa hujifunza kufungua kabati la jikoni kwa kumtazama mtu akilifungua.

Kuhusu kubweka. Basenji si bubu. Koromeo lake lina umbo tofauti na la mbwa wengine, na milio yake ni mingi: huunguruma, hulia, hutoa sauti ndefu ya kupanda na kushuka anapofurahi, na akiachwa peke yake anaweza kupiga ukelele ambao jirani wa ghorofa ya juu atadhani kuna mtoto anayeumizwa. Kubweka pia anaweza, ila ni mara moja au mbili kisha basi. Miaka ya 1940 na 1950, katika maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, watafiti John Paul Scott na John L. Fuller walilea pamoja aina tano za mbwa, basenji akiwemo, wakachapisha matokeo mwaka 1965. Walipowashindanisha watoto wa mbwa kwa mfupa, wale wa aina ya cocker spaniel walibweka mamia ya mara ndani ya dakika chache. Basenji walibweka pia, lakini mara chache mno. Kinachohitajika ni kichocheo kikubwa zaidi, si koo jipya. Kwa hiyo mpangaji anayemnunua kwa ajili ya ukimya atapata ukimya mchana atakapokuwepo nyumbani, na ukelele atakapokuwa kazini.

Kazi ile ile ya Scott na Fuller ina jambo kubwa zaidi ambalo ningependa kila muuzaji alibandike ukutani. Watoto wa basenji wa wiki tano walikuwa wakali na waoga kuliko wa aina nyingine zote: walikimbia, walipiga kelele walipokamatwa, na walipobanwa kwenye pembe waling'ata. Waliposhikwashikwa na watu kila siku, woga huo uliisha haraka. Walipofungwa kamba kwa mara ya kwanza walipambana nayo kuliko mbwa wote. Na walipowazalisha basenji na cocker, watoto chotara walimfuata basenji kwa woga ule. Maana yake ni kwamba tabia hii imo katika damu, haitokani na malezi mabaya, lakini dawa yake ni malezi, na malezi hayo yana muda wake. Dirisha liko kati ya wiki ya 3 na ya 12. Mtoto aliyezaliwa kwenye banda nyuma ya nyumba, akaonana na mtu wakati wa chakula tu, kisha akauzwa akiwa na miezi minne, atakuwa mbwa wa kujificha chini ya kitanda na kung'ata wageni, na hapo hakuna mkufunzi atakayeyafuta yaliyokwisha kupita.

Kwa vitendo ni hivi. Kuanzia wiki ya 3 kila mtoto ashikwe kila siku, dakika tano zinatosha, na watu tofauti: mwanamume, mwanamke, mtoto, mtu mwenye kofia, mwenye miwani. Ashikwe nyayo, afunguliwe kinywa, aangaliwe masikio. Kuanzia wiki ya 7 avalishwe ukosi mwepesi na aburute kamba fupi mwenyewe kabla mtu hajaishika ile kamba. Mtu akianza kwa kumvuta, mbwa anajifunza kupigana na kamba, na atapigana nayo maisha yake yote. Mafunzo mengine yawe ya dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kwa kipande kidogo cha nyama. Baada ya hapo anachoka akili na kuanza kubuni mchezo wake. Fimbo haifai kabisa. Basenji aliyepigwa hatii zaidi, ila hukaa mbali na mkono wa mtu, na siku ya kumkamata kwa chanjo mtahangaika uani nusu saa.

Msimfungulie kamba mahali pasipo na ukuta. Akiona paka, kuku au mjusi anakimbia, masikio yanafungwa. Kamba ndefu ya mita 10 inampa nafasi ya kunusa bila kumpoteza. Ukosi wa kawaida hauaminiki, maana shingo yake ni ndefu na kichwa ni chembamba, akirudi kinyumenyume unachomoka. Mkanda wa kifuani uliokaa sawasawa ni salama zaidi.

Uzio ndio unaowaponza wengi. Wavu wa waya wenye matundu kwake ni ngazi: huingiza vidole na kupanda. Ukuta wa matofali au mabati laini wenye urefu wa mita 1.8 unafaa zaidi. Kama ni wavu, juu ukunjwe kuelekea ndani kwa sentimita 40 hivi. Chini uzikwe au uwekewe zege la sentimita 30, kwani huchimba pia. Angalieni na vitu vilivyoegemezwa ukutani, kama pipa la maji, rundo la kuni au kibanda cha kuku. Mtu hujenga ukuta mzuri kisha akaegemeza ngazi yeye mwenyewe.

Ndani ya nyumba ni msafi. Hujilamba mwili mzima, hana harufu kali, manyoya ni mafupi, na mvua haipendi kiasi cha kugoma kutoka kujisaidia.  Lakini akikosa kazi hutafuna, na hatafuni mto mmoja, hutafuna kwa mpango. Anahitaji angalau saa moja ya kukimbia au kutembea haraka kila siku, na asiachwe peke yake mchana kutwa. Mwenye kuku, sungura au mbuzi wachanga ajue amemweka mwindaji kati yao. Na wawili wa jinsia moja katika ua mmoja mara nyingi hugombana wakikua, hivyo afadhali dume na jike, jike akiwa amefungwa kizazi kama hakuna nia ya kuzalisha.

Chakula si tatizo. Mbwa mzima wa kilo 10 anatosheka na kilokalori 600 hadi 700 kwa siku, sawa na gramu 170 hadi 200 za chakula kikavu cha dukani. Ugali peke yake humjaza bila kumjenga.

Nije kwenye maradhi, ambayo makala yenu haikuyagusa, na ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Basenji walioko duniani nje ya Afrika wametokana na mbwa wachache sana. Wawili waliofikishwa Uingereza mwaka 1895 walioneshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, wakafa kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alichukua sita kutoka Sudan. Nao wakafa, baada ya kuchanjwa dhidi ya distempa, kwa chanjo ya siku zile. Miaka ya 1930 Bibi Olivia Burn ndiye aliyefanikiwa kuwazalisha Uingereza, na Veronica Tudor-Williams akaendeleza, hadi mwaka 1959 akasafiri mwenyewe kusini mwa Sudan na kurudi na jike aliyeitwa Fula, ambaye damu yake imo karibu katika basenji wote wa leo wenye vyeti. Ukoo ukianzia kwenye chungu kimoja hivyo, kasoro iliyomo ndani yake inagawiwa kwa wote. Kwanza ulitokea upungufu wa damu unaotokana na chembe nyekundu kuvunjika mapema. Wafugaji walipopata kipimo cha kuwatambua wabebaji, yaani mbwa wanaorithisha kasoro bila wao wenyewe kuugua, waliwaondoa wengi kwenye uzazi, na kwa kufanya hivyo wakaubana ukoo zaidi. Ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukapata nafasi. Ndiyo maana mwaka 1987 na 1988 Wamarekani wakiongozwa na Jon Curby na Michael Work walikwenda kaskazini mashariki mwa Zaire ya wakati huo kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 American Kennel Club, chama kinachosajili nasaba za mbwa Marekani, ikafungua daftari lake la nasaba na kuwaingiza mbwa 14 kutoka huko. Rangi ya milia ikakubaliwa kwa njia hiyo.

Fanconi hushambulia mirija ya figo inayopaswa kurudisha mwilini vitu vinavyohitajika kabla mkojo haujatoka. Mirija ikishindwa, sukari, protini ndogondogo, chumvichumvi na bikaboneti, inayozuia asidi kuzidi mwilini, hutoka na mkojo. Mara nyingi hujitokeza mbwa akiwa na miaka 4 hadi 8, yaani baada ya kuwa amekwisha kuzaa. Dalili za mwanzo ni kunywa maji mengi na kukojoa mno. Baadaye hukonda, misuli hupungua, hunyong'onyea.

Na hapa ndipo kosa la hatari linapofanyika. Mbwa analetwa kliniki, mkojo unapimwa, sukari inaonekana, anaandikiwa insulini ya kisukari. Mwenye Fanconi sukari yake ya damu ni ya kawaida, milimoli 4 hadi 6.5 kwa lita hivi, na insulini inaweza kumwua kwa kuishusha. Mbwa wa kisukari hutoa sukari kwenye mkojo kwa sababu sukari imefurika kwenye damu, kwa kawaida ikishapita milimoli 10 kwa lita. Kwa hiyo basenji yeyote mwenye sukari kwenye mkojo apimwe sukari ya damu saa ile ile, kabla ya sindano yoyote. Ikiwa ya damu ni ya kawaida, daktari apime hali ya asidi na bikaboneti ya damu, halafu apange vidonge vya bikaboneti ya sodiamu kulingana na kipimo hicho, pamoja na potasiamu na vitamini inapobidi. Magadi ya jikoni kwa kukadiria hapana. Na asinyimwe maji hata kama anachafua nyumba, kwani maji ndiyo yanayomweka hai. Aliyegunduliwa mapema na kutibiwa kwa utaratibu huo anaweza kuishi miaka mingi.

Mwenye mbwa anaweza kukagua mwenyewe nyumbani. Vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo, vile vya wagonjwa wa kisukari, vinapatikana kwenye maduka ya dawa. Kuanzia umri wa miaka mitatu pimeni mara moja kwa mwezi. Mkojo wa jike unakingwa kwa upawa au sahani bapa yenye mpini, ukisogezwa taratibu baada ya yeye kuanza. Ukitangulia kuchomeka, anasimama na kuondoka. Kijiti husomwa kwa sekunde zilizoandikwa kwenye chupa, kwa kawaida 30. Mfuniko ufungwe mara moja, hasa pwani, maana unyevu huharibu vijiti na kijiti kilichoharibika hudanganya.

Kwa anayezalisha, kipimo cha vinasaba kipo. Cha kwanza kilitoka mwaka 2007, cha uhakika zaidi mwaka 2011, na sampuli ni usufi uliosuguliwa ndani ya shavu. Majibu ni salama, mbebaji au mgonjwa. Wabebaji wawili wakikutanishwa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Mbebaji na aliye salama hawazai mgonjwa, kwa hiyo hakuna haja ya kumtupa mbebaji mzuri. Kosa la kutupa wabebaji lilikwisha kufanywa mara moja.

Chanjo nazo ni lazima, hasa kwetu ambako distempa bado inazunguka. Mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mtoto aanze kuchanjwa wiki ya 6 hadi 8, arudiwe kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha baada ya mwaka. Kichaa cha mbwa, wiki ya 12. Na kupe wakaguliwe kila jioni, katikati ya vidole na ndani ya masikio.

Mwisho, wauzaji. Mkia uliojikunja na masikio yaliyosimama havimfanyi mbwa kuwa basenji. Mbwa wetu wengi wa kienyeji wanavyo, ni wazuri, na hawana haja ya kuuzwa kwa jina la mwingine. Basenji dume husimama sentimita 43 begani na uzito wa kilo 11, jike sentimita 40 na kilo 9.5. Makala yenu iliandika kilo 18, huyo ni mbwa mwingine. Ukimtazama ubavuni, urefu wa mwili na kimo ni sawa. Masikio akiyasimamisha, paji hujikunja mikunjo midogo mingi. Rangi ni nyekundu ya hudhurungi, nyeusi na nyeupe, rangi tatu au milia, na siku zote kuna nyeupe kifuani, miguuni na nchani mwa mkia. Jike wa basenji kwa kawaida hupata joto mara moja kwa mwaka. Muuzaji anayetangaza watoto wa jike yule yule mwezi Februari na tena mwezi Agosti, mwombeni vyeti vya nasaba na majibu ya Fanconi ya wazazi wote wawili kabla ya kutuma hata shilingi ya kishika nafasi.

Daktari wa Mifugo,
Moshi.